Sauti Yangu Upande wa Pili wa Kaseti

Yule msichana alipofika kibarazani kwangu Muyeye, nilikwisha kumpima kiuno na mabega kabla hajapata nafasi ya kusema kilichomleta. Kosa lilikuwa langu. Wateja wangu wengi huja kimya kimya, wengine wakiona haya kutaja saizi zao, na mimi nimezoea kuwatoa haya kwa kuwazungushia futi haraka kabla hawajageuza nia. Naye alisimama akainua mikono kama mtoto anayevuliwa shati, akaniacha niandike vipimo vyake daftarini. Nilipomwuliza kitambaa kiko wapi, akasema hakuja na kitambaa. Amekuja na kaseti.

Alitoka Nairobi. Hilo nililijua mapema, kwa sababu alipokuwa akiingia uani alimwamkia shikamoo kila aliyemkuta, pamoja na mjukuu wa jirani yangu mwenye miaka mitano, ambaye aliitikia marahaba bila kusita na tangu siku hiyo hataki kuamkiwa vinginevyo. Lakini adabu yake ilikuwa ya kweli. Akatoa mkobani kaseti iliyoviringwa kwa karatasi laini, akaiweka juu ya meza ya cherehani polepole, kama anayeweka yai.

"Mama, nimetafuta nyinyi miezi mingi," akasema.

Karatasi ya juu ilikuwa imepauka, ila mwandiko ulikuwa wangu, na ile herufi ya P yenye mkia niliyojivunia ujanani. Iliandikwa "Pweza na Koti Lake". Hapakuwa na jina la mtu wala picha. Nilikuwa sijaiona kaseti hiyo tangu watoto wangu walipokuwa wakitambaa, na nilidhani nakala zote ishirini zilikwisha kwenda njia ya kaseti zote, yaani kurekodiwa taarabu juu yake, halafu mawaidha juu ya taarabu, halafu kuvutwa utepe na watoto wa watu na kufungiwa kishada.

Nikamwita mume wangu. Yeye ni fundi wa baisikeli, ana banda lake mbele ya nyumba, na huwa hasikii akiitwa mara ya kwanza wala ya pili. Alikuja na mikono yenye grisi, akaangalia ile kaseti, akaniangalia mimi, kisha akamwuliza mgeni kama imeleta matata.

Msichana akatueleza. Ana kipindi chake kwenye mtandao, hucheza muziki wa zamani ambao watu wameusahau. Kaseti yetu aliiokota sokoni Malindi, ndani ya katoni ya vyombo vikuukuu, katikati ya pasi ya mkaa na simu zisizo na vifuniko. Akaisikiliza, akapigwa na butwaa. Akacheza wimbo mmoja kwenye kipindi chake, na wasikilizaji wakaanza kuandika kutoka kila upande wakitaka kujua hawa ni nani na walikuwa wapi siku zote. Muziki wenu, akatuambia, ni muziki wa saikedeliki.

Mume wangu akajifuta mikono na kuketi vizuri. Alisikia baisikeli. Akaanza kumweleza yule binti kwamba ni kweli, amezitengeneza baisikeli miaka arobaini, ila hakujua kuwa zimeathiri uimbaji wake kiasi cha mtu wa Nairobi kutambua. Msichana naye, kwa ile adabu yake, hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, hata habari za spoku, kisha akafafanua kwamba saikedeliki ni ule muziki unaomfanya mtu ahisi akili imeondoka mahali pake, rangi zinachanganyika, saa hazieleweki. Mume wangu akasema hayo pia huyapata akitengeneza baisikeli.

Ndipo msichana akauliza swali ambalo mimi limenikaa mpaka leo. Akatazama huku na huku, akashusha sauti kwa heshima, kama mtu anayeogopa kuamsha msiba. Je, yule mzee bado yuko hai?

Tukamwuliza mzee gani. Akasema yule mzee anayeimba upande wa pili. Upande wa kwanza anaimba mwanamke, na baba hapa anaitikia. Hilo liko wazi. Lakini upande wa pili yule mwanamke anapotea pole pole, na nafasi yake inachukuliwa na mzee mmoja mwenye sauti nzito, ya huzuni, sauti ambayo watu wamelia wakiisikiliza. Hakuna anayemjua. Kuna waliosema ni babu yake mmoja wetu. Kuna waliosema alikufa wakati wa kurekodi, na ndiyo maana wimbo wa mwisho unakatika katikati ya neno.

Mume wangu alitazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimjua anacheka, na yeye alijua ninajua, kwa sababu mzee yule wa huzuni alikuwa mimi.

Inafaa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana huko mtandaoni yameandikwa mengi na karibu yote ni mazuri kuliko ukweli.

Tulikuwa katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Mimi ni mtoto wa Takaungu, nyumba ya watu wa zamani ambao hawakosi la kusema juu ya ukoo wa mtu. Yeye ni wa Ganda, wakulima, na alisilimu kabla ya kunioa. Mamake hakuwa na maneno mengi juu ya hilo. Alitaka tu kuhakikishiwa kwamba dini mpya haimzuii mtu kuja kupalilia mahindi. Tulipanga chumba kimoja Muyeye. Mimi nilikuwa nikijifunza kushona kwa mama mmoja mjini, yeye alikuwa mtunza bustani katika hoteli ya watalii, na huko mgeni mmoja alimwachia gitaa lililopasuka ubavu na kukosa uzi mmoja. Mahali pa uzi ule alifunga mshipi wa kuvulia samaki. Ulikuwa ukitoa mlio mmoja tu usiobadilika, kama nyuki ndani ya chupa, na hakuwahi kuuondoa.

Basi akashikwa na malaria. Ilikuwa kali, siku tatu aliweweseka. Mimi nilikaa kitandani na kitambaa cha maji, na kwa kuwa nilikuwa mke mpya na mwenye kupenda mzaha, niliyaandika aliyokuwa akiyasema, ili akipona nimcheke nayo. Alisema juu ya ngazi inayopanda ndani ya kikombe. Alisema taa imemwomba radhi. Na zaidi ya yote alisema juu ya pweza, ambaye alikuja kwa fundi kutaka koti. Nadhani kushona kwangu ndiko kulikomwingia kichwani. Alipopata nafuu nilimsomea yote, yeye akaona haya, halafu akashika gitaa lake na kuanza kuyaimba yale maneno yake mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mashairi yetu:

Pweza kaja kwa fundi, ataka koti la safari,
mikono yote ya kushoto, wa kulia ni siri.

Nilikuwa na sauti nyembamba wakati ule. Najisifu, lakini hapa sina mwingine wa kunisifu. Ilikuwa inapanda bila kutetemeka, na nyumbani kwetu Takaungu walikuwa wakinitanguliza mbele kwenye kasida za Maulidi. Nilipoimba maneno ya pweza kwa sauti ile, huku mshipi ukinguruma, sisi wenyewe tulishangaa. Tukasema haya lazima yarekodiwe.

Kwa nyanya yangu Takaungu kulikuwa na birika. Sisemi birika la chai. Ni shimo kubwa la kujengewa, chini ya ua, lililopakwa chokaa ndani, la kukingia maji ya mvua. Mwaka huo lilikuwa limekauka, na tangu utotoni nilijua kwamba ukiita ndani yake jina lako, hurudi mara sita limenona. Tukaazima redio ya kaseti, tukatia betri mpya, tukashuka kwa ngazi mimi, mume wangu, gitaa na kayamba. Tulirekodi nyimbo zote asubuhi moja. Nyanya yangu alikuja mara moja tu kuchungulia. Alikuwa na utani na mume wangu, kama ilivyo desturi, akimwita mume wake yeye, na mimi akiniita mwizi. Alisimama ukingoni akasema, "Mume wangu, toka humo birikani, wali unapoa." Hatukuzima redio. Tuliona sauti yake tuiache humo.

Kaseti ile ya asili ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Naomba hili likumbukwe.

Siku ya kwenda kutoa nakala, kwenye duka moja la kaseti mjini Malindi, nilimtuma mume wangu anunue betri mpya, kwa kuwa zile za mwanzo zilikwisha kuchoka. Hakununua. Alizitoa zile kuukuu akazianika juani juu ya bati, kama watu walivyokuwa wakifanya, akaniapia kwamba zimepata nguvu kuliko mpya. Tulipofika dukani umeme ulikuwa umekatika. Mwenye duka akatia betri nzuri kwenye mashine yake ya kunakili, na redio yetu ikaachiwa zile zilizoota jua. Zikaanza vizuri. Zikachoka kidogo kidogo. Hakuna aliyekuwa akisikiliza, maana yeye na mume wangu walikuwa wakibishana habari za mpira, na mimi nilikuwa duka la pili nikitazama vitambaa. Kwa hivyo upande wa kwanza ukatoka mzuri, na upande wa pili redio ikawa inajikokota, na sauti yangu ikashuka nayo, ngazi baada ya ngazi, mpaka nikawa mwanamume wa makamo, kisha mzee. Kwa mwendo ule nyimbo zikawa ndefu kuliko utepe. Wimbo wa mwisho ukakatika. Mwenye duka akaitumia nakala hiyo kutolea zile nyingine zote, na sisi tukaja kusikia makosa tulipokwisha kuzigawa.

Haya yote nilimweleza yule msichana palepale kibarazani. Mume wangu alikuwa akinikonyeza ninyamaze, lakini mimi nikikonyezwa ndiyo huongea zaidi. Msichana alisikiliza mdomo wazi. Akauliza habari za nyanya, kwa sababu kuna kitu hakuwa ametuambia. Kwenye nakala ile nyanya yangu alikuwa amegeuka dume lenye ngurumo, linalosema taratibu kutoka mahali pa mbali, "Mume wangu, toka humo birikani." Mtandaoni iliaminika kwamba huyo ni jini, na kwamba amemwoa mwanamuziki ndani ya shimo. Ni kwa neno hilo la birikani ndipo alipotupata. Alizunguka nyumba za kale kuanzia Malindi kwenda kusini akiuliza wapi kuna birika, mpaka akafika kwa kaka yangu Takaungu, anayekaa katika nyumba ile. Akamchezea kwenye simu. Kaka yangu alivua kofia, akaketi juu ya kiti.

"Huyo si jini," akamwambia. "Huyo ni nyanya."

Kisha akamwomba acheze tena.

Nilidhani ukweli ungemvunja moyo msichana wa watu, aliyekuja njia yote hiyo kutafuta mzee na jini akapata betri na nyanya. Aliichukua kaseti yake, akaigeuza upande wa pili. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa kipande cha kitambaa changu, tena cha mteja. Alipotulia akasema kuna mkusanyiko wa muziki Kilifi mwezi unaofuata, alasiri, katika bustani moja iliyo juu ya hori la bahari, na watu watakaokuja wengi wanaijua kaseti yetu kwa moyo. Je, tungekubali kuja kuiimba?

Mume wangu alikubali kabla swali halijaisha. Masharti yake yalikuwa mawili: habari za betri zisitajwe, na tuimbe kama kwenye kaseti, kwa mwendo ule ule wa kujikokota. Watu wameupenda hivyo, akasema, na wewe umepata sifa ya uzee bila kuzeeka, unataka nini tena.

Kuanzia siku hiyo akawa ananiita mzee. Nikimpelekea chai bandani, aliinuka kunipisha. Wateja wake wa baisikeli nao walianza kuniamkia shikamoo mzee. Mimi nami nilimwambia kwamba kama ni kuimba basi tutaimba ilivyokuwa birikani, kwa sauti yangu, ili watu wajue upande wa pili hapakuwa na mwanamume yeyote zaidi yake. Tulibishana hivyo karibu juma zima, kila mmoja akiwa ameshika kazi yake, yeye na tairi, mimi na dera la mtu.

Tulifanya mazoezi siku moja alasiri, ndani, milango imefungwa kwa ajili ya majirani. Akazikaza nyuzi za gitaa zikafika sauti ya zamani. Lilikuwa gitaa jingine, la kuazima, lakini mshipi alikuwa amekwisha kuufunga. Nikaanza wimbo wa pweza. Mstari wa kwanza sauti yangu ilipanda nusu ya njia ikasimama, kama mtu aliyefika ghorofa ya pili akasahau alichofuata. Nikakohoa, nikaanza tena. Ikakwaruza. Mara ya tatu hakikutoka chochote ila hewa.

Sikuwa nimeimba kwa miaka mingi, ila kuwabembeleza watoto na baadaye wajukuu, na kwa hao mtu huimba chini. Sikujua kwamba imeondoka. Mtu hujitazama kwenye kioo kila siku akaona mvi zinavyokuja, lakini sauti haina kioo.

Mume wangu aliinamia gitaa. Akalegeza nyuzi kidogo, akapiga tena. Nikajaribu. Akalegeza tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, bila kunitazama, mpaka nikafika mahali ambapo sauti ilikaa yenyewe, pana, haina wasiwasi, na nikaimba wimbo wote hadi mwisho. Tulipomaliza akachukua simu yake, akacheza ule ule wimbo kutoka upande wa pili wa kaseti. Ilikuwa sauti ile ile. Yule mzee na mimi tulikuwa tumekutana.

"Zile betri zilikuwa zinakusubiri," akasema. "Zilitangulia tu."

Nilicheka, kisha nikaona sicheki tena. Naye akaliona hilo, akaweka gitaa chini. Ndipo nikafungua droo ya chini ya cherehani, mahali ninapoweka vifungo vya ziada, nikatoa kaseti nyingine ambayo hakuwahi kuiona mikononi mwangu.

Ilikuwa ile ya asili. Miaka hiyo yote alikuwa ameniambia kwamba ililiwa na panya. Ukweli ni kwamba alirekodi mechi ya mpira juu yake, kutoka redioni, upande wa kwanza kipindi cha kwanza na upande wa pili kipindi cha pili, na mimi niliigundua mapema sana, mtoto wetu wa kwanza akiwa bado mchanga. Sikumwambia. Niliiweka kama mtu anayeweka akiba ya dawa, nikijua siku moja nitaihitaji katika ugomvi mkubwa, na ugomvi mkubwa haukutokea, au ulipotokea nilisahau.

Alipoiona alijua. Akaanza kujitetea kwamba ilikuwa fainali. Nikamwambia atulie, asikilize. Tuna redio moja ya zamani inayocheza bado. Nikaisogeza kaseti mpaka karibu na mwisho. Mtangazaji akasema kwa kasi, filimbi ikalia, watu wakashangilia, na halafu, palipokuwa pamebaki utepe kidogo ambao mpira haukuufikia, nikatokea mimi. Nusu ya ubeti. Sauti nyembamba, inapanda bila kutetemeka, na mwangwi wa birika nyuma yake. Kisha ikakatika.

Alikaa akitazama ile redio. Baadaye akaniomba radhi, kwa maneno ya kawaida, bila utani wowote, na kwa kuwa ni nadra nitayahifadhi mwenyewe. Akaomba nirudishe tena. Nikarudisha mara tatu, nikamwambia basi, utepe umechoka.

Kilifi tulipelekwa kwa gari na yule msichana. Nilivaa buibui langu jipya na mume wangu alivaa koti, kwa heshima ya pweza. Bustani ilikuwa imejaa vijana waliovua viatu, wengine wa Kilifi kwenyewe, wengine wa Nairobi, wazungu wachache wenye shanga nyingi kuliko mabibi arusi wa kwetu. Mmoja wao alikuja kutuuliza kwa upole tulikuwa tukitumia kitu gani tulipotunga nyimbo zile. Nikamwambia klorokwini. Akaandika. Mume wangu akaongeza kwamba ni chungu na huwasha mwili mzima, mtu akajikuna siku mbili, na yule kijana akauliza inapatikana wapi. Nikamwambia zamani ilipatikana zahanati, na wagonjwa walikuwa wakiikimbia.

Mwingine alitaka kujua maana ya neno madzi, ambalo mume wangu hulirudia katika wimbo wa ngazi. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba ni jina la siri la kuita mizuka. Ni maji tu. Mume wangu akiwa na furaha Kigiriama chake hupenya, na asubuhi ile birikani alikuwa na furaha na kiu.

Tulipopanda jukwaani watu walipiga makofi, kisha wakawa wanachungulia nyuma yetu. Walikuwa wanamngoja wa tatu. Mume wangu aliniinamia akaninong'oneza nisiseme, tafadhali, tuwaachie. Lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na kumpa mshoni kipaza sauti ni kosa la waliotuandalia. Nikawaambia yule mzee wa upande wa pili ni mimi. Nikawaeleza habari za betri juu ya bati, na nani alizianika, nikamnyooshea kidole. Nikawaambia jini ni nyanya yangu, na kwamba alikuwa anatuitia wali, na ulikuwa wa nazi.

Walitazamana. Nikadhani nimewaharibia. Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine, na mume wangu, aliyekuwa amenuna kwa ajili ya jini wake, akaona kwamba wanamshangilia yeye zaidi ya yeyote, akainama kama bwana arusi. Tukaimba. Niliimba kwa sauti niliyo nayo, pale chini inapokaa. Nilipofika kwenye mikono ya kushoto waliitikia wote, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa nilipoyaandika yale maneno nikimcheka mgonjwa, na walijua kila neno, hata pale ambapo mume wangu alisahau. Wimbo wa mwisho tulipofika pale ulipokatika kwenye kaseti walinyamaza ghafla, wakidhani umekwisha. Sisi tukaendelea. Ulikuwa umebaki ubeti mmoja na nusu ambao hakuna aliyewahi kuusikia ila nyanya yangu ukingoni, na walisikiliza bila kujongea.

Yule msichana aliniomba baadaye kaseti ya mpira, kwa sababu nilikuwa nimemtajia ndani ya gari. Alitaka zile sekunde chache aziweke mtandaoni, watu wasikie sauti ilivyokuwa. Nilifikiri sana, kwani nampenda binti yule, na dera lake nilikwisha kumshonea bila kitambaa chake. Nikamwambia hapana. Wamepata mzee, wanampenda, na ni haki yao. Huyo msichana mwembamba nimemweka kwangu. Mume wangu huniomba kumsikia mara moja moja, akiwa ametenda jema.

Tangu tuliporudi hapa Muyeye maisha ni yale yale, isipokuwa kwamba mume wangu ameanza tena kutunga, na akipata mafua kidogo hulala chali akitumaini homa. Haiji. Nimemwambia apige kazi.

Na wiki iliyopita jirani yangu mmoja alikuja. Binti yake anaolewa. Alikuwa ameona kwenye simu tukiimba Kilifi, na akasema, kwa uangalifu mkubwa, kwamba angependa niwaimbie wanawake siku ya kupamba, nyimbo za kawaida, za arusi, pasiwe na samaki. Nikakubali kwa furaha. Mume wangu alikuwa akisikiliza kutoka bandani, safari hii bila kuitwa hata mara moja, akaja akauliza gitaa atapiga nani, ilhali sherehe ni ya wanawake peke yao na wanaume hawaingii. Jirani akasema watatumia ngoma. Mume wangu akamwambia sauti yangu haikai kwenye ngoma, imezoea mshipi. Alisema hivyo kwa masikitiko kiasi kwamba jirani akamwonea huruma. Wakajadiliana muda mrefu pale kibarazani kama watu wawili wa mipaka ya mashamba, na mwisho wakapatana: atapiga akiwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, asitoe kichwa wala kuitikia, na pazia liwe nene.

Ninalishona sasa hivi. Ni drili ya kijani, nimeitia bitana mara mbili. Amekwisha kuja kulitazama asubuhi na tena baada ya adhuhuri, akiuliza kama lisiwe zito mno, asije akakosa kusikia ninaanza wapi. Nimemwambia nitakohoa.